Sanduku la Vipande

Jumamosi, 8 Februari

Mdogo wangu,

Sanduku lako hilo nakurudishia. Usimlaumu karani wa vifurushi, hajakosea anwani. Nimelifunga mwenyewe kwa kamba ileile uliyolifungia wewe, nikajitwika kichwani mpaka ofisi ya mabasi, na mtaa mzima ukanitolea macho. Wengine walidhani nahama. Heri ningehama.

Simu nimekufungia, usihangaike kupiga. Ukipiga unaanza utani, ukianza utani napandwa na hasira, nikipandwa na hasira nakata, na mwisho wa yote hakuna lililosemwa. Kwenye karatasi hutanikatiza. Kaa kitako usome.

Daktari amesema hivi, na alisema mbele yangu, si habari za kusimuliwa: sukari ya Mama iko juu mno, na kile kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia hakitafunga mpaka ishuke. Kisipofunga, watakata. Alisema "tutakata" kama mtu anayezungumzia kucha. Mama alikuwa ameketi palepale, anatazama kalenda ya ukutani. Mimi na wewe tunajua mambo haya yanavyokwenda. Baba alianza na kidole. Ukafuata wayo, ukafuata mguu mpaka chini ya goti, na kabla hatujazoea kuuona ule mguu wa suruali uliokunjwa na kubanwa kwa pini, tukawa tunapokea rambirambi.

Sasa wewe, mtoto wa mzee yuleyule, kila mwisho wa mwezi unatuma sanduku la biskuti zilizovunjika. Najua, mnagawiwa kiwandani, zikivunjika haziuziki. Ndiyo sababu ya kuja kuzimalizia kwa mama zenu? Vipande vya krimu, vipande vya chokoleti, na juu yake umepanga juisi za paketi zilizobonyea pembe. Mama akiliona sanduku anacheka mpaka jino la mwisho. Mtaa wote siku hizi unamwita Mama Biskuti. Mwanamke aliyepikia shule nzima ya bweni mpaka akastaafu, leo jina lake ni biskuti!

Basi nimeanza kazi. Juzi nilitoa kila kitu kabatini nikasoma maandishi ya mgongoni. Jemu, sukari. Sawa, hiyo nilitegemea. Sosi ya nyanya, sukari. Mkate wa dukani, sukari. Mtindi wa kopo, ule wenye picha ya ng'ombe aliyefurahi, sukari tupu. Hata siagi ya karanga, ndugu yangu, karanga! Wameona hazitoshi kuwa karanga, wakazimwagia sukari. Nilikaa sakafuni nikawatukana watu nisiowajua. Kuanzia sasa kila kinachoingia kinywani mwa Mama nakitengeneza mimi kwa mikono yangu, tangu unga mpaka sosi. Msaada wako siutaki. Ninachotaka ni uache kunibomolea.

Usilete sanduku jingine.

Dada yako


Jumapili, 16 Februari

Dada,

Sikuamkii. Shikamoo yako nimeizuia mpaka utakapoomba radhi.

Unajua sanduku lilinifikiaje? Nilikuwa kwenye zamu, msimamizi akaitwa getini, akarudi amelibeba yeye mwenyewe, akapaza sauti juu ya mashine zote: "Bwana mdogo, mama yako amekataa posa!" Watu walicheka mpaka biskuti zikapita kwenye mkanda bila kufungwa. Msumari peke yake hakucheka, yule rafiki yangu wa mashine ya pili, na hata yeye niliona anajiuma mdomo.

Umekaa hapo na cherehani yako na mapazia ya watu, unaniita muuaji. Ndiyo, ukiyaondoa maneno yako mengi kinachobaki ni hicho. Baba nilimbeba mgongoni kabla sijaota hata ndevu moja. Wewe usinifundishe habari za mguu wa Baba.

Hivi umewahi kujiuliza Mama anafanya nini na lile sanduku? Unadhani analimaliza peke yake? Anakaa barazani, watoto wakitoka shule wanapanga foleni, anawagawia kipande kipande, anawauliza leo wamefundishwa nini, mwongo anapewa kidogo. Kina mama wa jirani wanakuja na vikombe vyao. Fundi viatu anavuka barabara na kigoda chake. Tangu astaafu, ile ndiyo shule yake iliyobaki. Umemfukuzia wageni wake, na badala yao umemwachia nini? Karanga?

Halafu nani amekuvika cheo cha udaktari? Ndivyo ulivyo tangu tukiwa wadogo. Nikianguka unanichapa kwanza, ndipo unanipangusa magoti.

Mimi huku nasimama mbele ya mashine inayofunga biskuti, natoka masikio yanavuma, nafika chumbani hata jina langu silisikii. Kitu kimoja kilikuwa kinanifanya nijione mtoto wa mtu, nalo ni lile sanduku. Umelirudisha kana kwamba ni mali ya wizi.

Sileti tena. Umeshinda. Piga vigelegele.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya


Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Radhi siombi. Hiyo shikamoo yako iweke kwenye friji isije ikachacha.

Nikupe habari za kazi, maana wewe unadhani nacheza. Karanga nilizikaanga, nikazipepeta maganda, nikazitia kwenye blenda. Blenda ikatoa moshi, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikafa hapohapo. Nikachukua kinu, nikatwanga mpaka mikono ikafanya malengelenge, na siku hiyo sikuweza kushika sindano. Lakini siagi imepatikana, karanga na chumvi, basi. Mtindi nao natengeneza. Maziwa nachemsha, yakipoa kiasi cha kidole kuvumilia natia kijiko cha mtindi wa jana, nafunika kwa vipande vya mapazia, asubuhi yameganda. Sosi ya nyanya naipika na vitunguu na karoti ipate utamu wake yenyewe. Mkate ndio unaonitoa jasho. Unga usiokobolewa, hamira, maji, chumvi, na ile oveni yetu ambayo upande mmoja ina hasira kama mimi. Mkate wa kwanza ulitoka mzito kidogo. Wa pili pia. Lakini Mama hali kwa starehe, anakula ili kidole kipone.

Mama nimemtoa jikoni. Anasimama juu ya mguu ule mgonjwa, anataka kuonja, anataka kugeuza, anataka kuniambia maji hayatoshi. Nikamwambia, Mama, umepikia watu maisha yako yote, sasa kaa upumzike. Hasikii. Nikiinama kwenye cherehani tu, huyo yuko jikoni. Basi nimepigilia komeo mlangoni, na ufunguo wa kufuli naning'iniza shingoni. Sasa anakaa sebuleni. Hagombi. Kila ninachomwekea anakula kimya kimya, sahani inarudi nyeupe, hata halalamiki. Ungemwona ungeona haya.

Barazani hakai tena, ni kweli. Watoto walikuja siku za mwanzo, nikawapa mkate wangu na siagi ya karanga. Hawakurudi. Watoto wa siku hizi wameharibiwa ulimi.

Na kuhusu kumbeba Baba, ulimbeba, sikatai. Ila tangu mguu wa Mama uanze kutoa harufu, hujakanyaga hapa. Kila siku zamu, kila siku mashine. Anayefungua bandeji asubuhi ni mimi. Anayegeuza uso pembeni ili Mama asimwone akiziba pua ni mimi. Usinililie habari za masikio.

Wiki ijayo anapimwa tena. Ndipo utajua nani alikuwa anajenga na nani alikuwa anabomoa.

Dada yako


Ijumaa, 14 Machi

Dada,

Kipimo kimesemaje? Umenifungia simu, na barua huandiki. Unataka nipige ramli?

Likizo nimeomba. Msimamizi anasema mashine yangu haina mtu wa kuishika. Usianze. Nitakuja.

Halafu nilikuwa nauliza tu. Mtu akipata kitu kidogo cha kutafuna, kisicho na sukari kabisa, kile cha wagonjwa, kuna ubaya gani? Kiwandani tuna zile za mfuko wa kijani. Zimeandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba hazina sukari, na wenye kisukari ndio wateja wake. Mimi nauliza tu, usije ukapasua koo bure.

Mdogo wako
Shikamoo, nusu.


Jumamosi, 22 Machi

Wewe!

"Nauliza tu"? Unauliza wakati umeshatuma?

Sikiliza vizuri. Kipimo kimetoka na sukari imepanda. Haikushuka hata kidogo, imepanda! Daktari akaniangalia kama mchawi. "Nyumbani mnampa nini?" Nikamtajia: mkate wangu, mtindi wangu, sosi yangu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia uongo. Mimi, mwenye mikono iliyochunika kwa mchi! Mama alikuwa ananiangalia, akakohoa.

Nikarudi nyumbani nikaikung'uta nyumba nzima. Godoro, foronya, nyuma ya kabati. Sikuona kitu. Nikakaa kwenye cherehani nachemka, ndipo nikamwona fundi viatu anavuka barabara na vile viatu vya Mama vya kazi, vile vyeusi alivyokuwa anavaa jikoni shuleni. Akavipokea Mama mlangoni kwa mikono miwili, anamshukuru. Nikawaza, mbona vimekwenda kubadilishwa soli wiki iliyopita? Na ile ya kabla yake? Na viatu vya nini, kwa mtu ambaye mguu wake hauingii hata kwenye kandambili?

Nikavichukua. Ndani ya kila kiatu mlikuwa na mfuko wa kijani.

Nilipomrukia fundi viatu akaniambia, bila hata kupepesa, "Mimi kazi yangu ni viatu, mama. Cha ndani sikijui." Mtu mzima! Kumbe Mama anakupigia kwa simu ya huyu fundi, wewe unamtumia fundi mizigo, na mimi mmenifanya mlinzi wa geti lisilo na ukuta. Mmenichezea shere nyinyi watatu, na mimi huku najisifu sahani zinarudi nyeupe.

Nakurudishia mfuko mmoja, haujafunguliwa. Ufungue wewe. Ule wewe. Halafu uniandikie kwamba hauna sukari.

Kidole kimebadilika rangi. Jumatatu analazwa.


Alhamisi, 27 Machi

Dada, shikamoo.

Nimeufungua. Nimekula.

Cha kwanza kilikuwa na krimu ya pinki. Cha pili kimepakwa chokoleti upande mmoja. Cha tatu kilikuwa na chembe za sukari juu, zinang'aa, hata kipofu angezigusa akajua. Nilikuwa nimekaa kitandani, nikaumwaga mfuko wote pale juu ya shuka. Hakikuwamo hata kipande kimoja cha zile za wagonjwa.

Nilikwenda kumkamata Msumari shati. Mashine ya mifuko ya kijani anashika yeye, na ndiye niliyemwomba anijazie. Nilimwambia, za Mama, mgonjwa, zile za kijani. Akanijazia. Unajua alijazaje? Alichukua mifuko mitupu ya kijani, akaenda kwenye pipa la vipande, lile la mashine zote, akachota. Ndivyo tunavyofanya siku zote na masanduku yetu! Vipande ni vipande, mfuko wowote uliobaki unatia. Hata mimi nilikuwa nakutumieni za tangawizi kwenye mifuko ya maziwa, na Mama alikuwa anacheka. Msumari alidhani nataka rangi. "Nilijua mama yako anapenda kijani," akaniambia. Nilimpiga, Dada. Msimamizi akatutenganisha. Sikumpiga kwa kosa lake. Mimi ndiye nimefanya kazi pale miaka yote hii, mimi ndiye najua pipa lilivyo, na sikufungua hata mfuko mmoja kabla ya kutuma.

Nilitaka kumpa kitu. Alinipigia analia. Alisema nyumba imekuwa kimya na jiko lina kufuli. Ningefanyaje?

Na ulilosema la kutokuja ni kweli. Zamu si sababu. Mguu ule siwezi kuuona. Nikifumba macho naona wa Baba.

Nifungulie simu. Niambie wamesemaje hospitali.

Mdogo wako


Jumatano, 2 Aprili

Wamekata.

Kidole gumba. Daktari anasema wayo bado mzima, na utabaki mzima ikiwa sukari itashuka na kukaa chini. Ikiwa haitashuka, tunarudi palepale. Nimeusikia mdomo wake unatamka maneno yaleyale aliyomwambia Baba yule daktari mwingine, nikatamani kumtupia kiti.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye benchi wodini. Sina nguvu za kukutukana. Zitarudi.

Mama hajazungumza na mimi tangu jana. Amemwomba muuguzi karatasi na kalamu, akaniambia nitoke.

Simu nimekufungulia. Usipige leo.

Dada


Jumapili, 20 Aprili

Wanangu nyote wawili,

Barua hii ni moja na wasomaji ni wawili. Mkubwa, najua utaisoma kabla ya kulifunga sanduku, maana mkono wako hauachi kitu cha mtu. Isome kwa sauti basi, ujisikie. Nimeianza wodini, nikaichana, nikaianza tena, hasira zilikuwa zinaipasua kalamu. Leo niko nyumbani, naimaliza.

Nimekasirika. Naanza na hilo ili msije mkasema Mama kaandika kwa upole. Mmeandikiana miezi mizima juu ya tumbo langu, mguu wangu na ulimi wangu, huyu anajenga, yule anabomoa, na hakuna hata mmoja aliyeniandikia mimi mstari. Barua zenu nimezisoma zote. Zilikuwa chini ya kitambaa cha cherehani, za mdogo pamoja na nakala anazojiwekea mkubwa, na mimi sikuwa na kazi nyingine.

Nianze na wewe kitinda mimba wangu, unayejilaumu juu ya mfuko wa kijani. Acha kujilaumu. Msumari mwombe radhi. Mimi nimepikia watoto wa bweni tangu wewe hujazaliwa. Nilikuwa naonja sufuria lenye kina cha mtoto kusimama, nikajua aliyetia chumvi ametia kwa mkono gani. Wewe unadhani ulimi huu haujui krimu? Nilijua tangu kipande cha kwanza, siku ya kwanza. Nilijua kwamba mfuko unasema hivi na kilichomo ni kingine, na nilijua ukigundua utaacha kutuma. Nikanyamaza. Nikakila, na cha pili, na cha tatu.

Kwa nini? Ndilo nililotaka mniulize, hamkuuliza.

Mkubwa, mkate wako haulikiki. Nimesema. Nilikuwa nauvunja kwa kisigino cha kiatu, najaza mfuko wa gauni, nawatupia kuku wa jirani kupitia dirishani. Ndiyo maana sahani zilikuwa nyeupe. Kuku wenyewe walikuwa wanausukuma kwanza kwa mguu kuona kama ni jiwe. Kipande kimoja fundi viatu amekiweka kibandani kwake, anagongelea misumari. Unga usiokobolewa unakunywa maji kama mtu aliyetoka shambani, na wewe unaupimia maji kama dawa ya macho. Kisha huupi muda. Unaukanda kwa hasira, unautupa kwenye oveni kwa hasira, unataka uinuke? Nilikuja mlangoni kukuambia haya. Ukanifungia komeo.

Komeo, mwanangu! Kwenye jiko langu! Masufuria yale nimenunua mimi, oveni ile nimeizoea mimi na upande wake wenye hasira. Siku niliyokusikia unapigilia misumari ile nilikaa sebuleni nikajiona mfu. Kisha nikampigia kijana kwa simu ya fundi viatu, akasema, Mama, nitakutumia kitu. Nikasema tuma. Sikuwa na njaa ya biskuti. Nilitaka nifanye jambo moja ambalo sikuruhusiwa na mtu. Nikalifanya, na nikajua linanila, na nikaendelea. Kidole changu sikukatiwa na Msumari, wala na mkate, wala na sanduku. Mkono uliokuwa unaingia ndani ya kile kiatu ni huu unaoandika. Hilo nalichukua mimi. Ila na nyinyi chukueni lenu: mmoja alinilisha bila kuniangalia, na mwingine alinilinda bila kuniuliza.

Sasa sikilizeni amri.

Komeo limetoka. Fundi viatu alikuja kuling'oa siku niliyorudi, kwa nyundo na aibu usoni, nami nikamwambia viatu vyangu vile avikate afanye anachotaka. Jiko ni langu. Nakaa kwenye kigoda, mguu umelala juu ya sufuria lililopinduliwa, na mkubwa anasimama ninapomwonyesha. Analalamika kwamba napiga kelele. Atazoea. Sosi yake ni nzuri, nilimwambia, akageuka kutazama dirishani muda mrefu. Mtindi wake mzuri kuliko wangu. Siagi ya karanga tunatwanga pamoja, yeye kinu, mimi naimba vibaya. Mkate naukanda mimi. Nautia ufuta na maji ya kutosha, naulaza chini ya pazia la mteja mpaka uvimbe, na nina muda, kwa sababu nitakwenda wapi?

Sukari imeshuka. Haijafika wanakotaka, lakini imeshuka, na kidonda hakinuki. Daktari kasema tusifurahi mapema. Nilimwambia mimi sina mpango wa kufurahi, nina mpango wa kutembea.

Barazani nimerudi. Siku ya kwanza nilikaa na kuku. Siku ya pili akaja msichana mmoja, akauliza biskuti ziko wapi. Nikamwambia zimekwisha, zimekwisha kabisa, kuna mkate wa ufuta na siagi ya karanga. Akaonja, akakunja uso, akala wote, akaniambia amefundishwa habari za mito. Jana walikuwa watano, na mmoja aliutupa nilipogeuka, nikamwona. Si neno. Kuku wapo.

Sasa wewe kijana. Unasema huwezi kuuona mguu huu. Mimi ninao. Nalala nao, naamka nao, nauosha. Dada yako anaufungua kila asubuhi na siku hizi hageuzi uso. Wewe umeukimbia kama vile ungekufukuza. Baba yako hayumo ndani ya bandeji hii. Niliyemo ni mimi, na mimi niko hai, na nimechoka kupendwa kwa basi la mizigo.

Sanduku hili ni lile lako. Lilikuwa chini ya kitanda changu, lile la mwisho kabla dada yako hajaanza kurudisha. Nimelipangusa makombo. Mna mikate mitatu, chupa ya sosi, chupa ya siagi ya karanga. Mkate mmoja ni wa Msumari, mpe kwa mikono miwili. Kula, usimalize, na usinitumie chochote ndani yake.

Lirudishe tupu. Lirudishe wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mpaka mlangoni, uingie ndani uvue viatu, ukae kwenye kigoda mbele yangu. Bandeji ya asubuhi utaifungua wewe.

Mama yenu